Mbavu Mbili za Sanduku

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu Bi Penseli,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama yako, ambaye ameketi hapa pembeni anapaka maua kwenye sanduku na kunichungulia ninachoandika, mpaka kuku wa jirani anayekuja kutaga chini ya meza yangu ya kazi. Nadhani naye amesikia sifa zangu. Sote wazima. Mama watoto alikuwa na kikohozi, kimekwisha. Mguu wa mama yako umetulia, ila mdomo wake bado.

Ameniambia ulimpigia simu ukitaka mambo mawili: sanduku moja la bati la mfano, uwaonyeshe wakubwa zako wa kazi, na maelezo ya zile mbavu mbili za kwenye kifuniko. Ungenipigia mimi, lakini najua unaogopa. Mimi kwenye simu, vocha yako huisha kabla sijamaliza kukuuliza hali. Ndiyo maana nakuandikia, karatasi haina vocha.

Sanduku langu, mpwa, halihitaji maelezo. Mwaka juzi moja lilianguka kutoka juu ya lori, mlimani, likabingirika makorongo matatu, likavuka barabara lenyewe bila kusaidiwa, likasimama mlangoni kwa mwenyewe. Ndani mlikuwa na trei mbili za mayai. Halikuvunjika hata moja. Watu walikuja kunishika mkono tu, waende zao.

Sasa mbavu. Wewe unazijua, ile mikunjo miwili iliyoinuka juu ya kifuniko, inayokwenda ukingo hadi ukingo kama reli. Asili yake ni mwanamieleka mmoja, jitu la watu, aliyekuja kwa marehemu babu yako akasema, "Fundi, nataka sanduku lenye kifua kama changu." Babu yako akampapasa mbavu, akahesabu, akaona zote hazitaenea. Akaweka mbili. Tangu siku hiyo hakuna sanduku lililotoka hapa bila mbavu. Waandikie hivyohivyo, usipunguze neno.

Karakana imechangamka, wateja wamepanga foleni hadi duka la dawa.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi Mkuu, Mkurugenzi, na Mlinzi wa hapahapa

Mwanangu, ni mama yako. Foleni ya duka la dawa ni ya watu wa duka la dawa. Tangu shule zifunguliwe tumeuza sanduku moja. Watoto siku hizi wanakwenda bweni na mabegi ya magurudumu. Kama hiyo kazi yenu inaweza kutupatia chochote, jitahidi. Usimwambie nimekuambia. Na yale mayai yalikuwa sita, tena ya kuchemsha.


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kupata barua yako, nimeisoma mara mbili na kucheka mara tatu. Msalimie sana mkaza-mjomba, mwambie anywe maji ya moto hata kama kikohozi kimekwisha. Mimi mzima. Chumba changu ni kidogo, nikitaka kufungua kabati lazima nisukume kitanda, lakini kina dirisha na majirani hawana makuu.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, kwa hiyo mawazo yetu yote yananuka mpira. Tunabuni samani za watu wanaoishi chumba kimoja kama mimi. Mkuu wetu wa ubunifu ni mama mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba. Tunamwita Bi Kwanini kwa sababu hana swali jingine. Ukimwonyesha meza yenye miguu minne, atakuuliza kwa nini si mitatu.

Kila msimu tunatoa bidhaa moja mpya. Mimi nimependekeza sanduku-kiti. Ndani mtu anaweka nguo, juu anakalia, na pana mto. Nilipowasimulia masanduku yenu wakatega masikio. Nataka karakana yetu ndiyo ilitengeneze. Sasa, Mjomba wangu, naomba uniundie la mfano: fupi kuliko la kawaida, rangi moja, na kifuniko bapa, bila mbavu. Mto hauwezi kukaa juu ya mbavu. Mwisho wa kupokea mifano ni tarehe 30 Juni.

Na lile la asili. Mwaka jana uliniambia mbavu zililetwa na fundi wa reli aliyekuja kuposa. Nilipokuwa darasa la tano ulisema ni nyuki. Leo ni mwanamieleka. Niandike lipi?

Mengine ya kazini ni ya kawaida tu.

Mpwa wako


Tarehe 2 Mei

Bi Penseli,

Usinione kimya. Kwanza kalamu iliisha wino. Nikapata kalamu, posta wakaishiwa stempu. Wakapata stempu, kidole gumba changu kikavimba mpaka kikawa na kivuli chake peke yake. Sasa kimepungua, nakuandikia nacho.

Huku hatujambo. Mama watoto amejiunga na kikundi cha kuimba, na sauti yake imewashinda wote, hata wale ambao hawajajiunga. Mama yako amepata rangi mpya ya kijani, anaipaka kila kinachokaa kimya, jana nusura anipake mimi. Paa la jirani lilikuwa linavuja. Nikapanda, nikaliziba kwa macho yaliyofumbwa, watu wa mtaa wakapiga makofi. Mtengeneza saa wa kule kona akasema hajawahi kuona mkono kama wangu, na yule mtu ni mgumu wa kusifu.

Kuhusu kifuniko bapa, nimekifikiria sana na jibu ni hapana.

Kifuniko bapa ni sinia, mpwa wangu. Ukitaka sinia nenda kwa wauza sinia. Hizo mbavu nilizikuta na nitaziacha. Ni za ukoo. Fupi nimekufanyia, rangi moja nimekufanyia ingawa mama yako alinuna siku mbili, lakini mbavu zimo na zitakuwamo. Huyo Bi Kwanini mlete kwangu aniulize mwenyewe. Ataondoka hapa hana tena hilo jina.

Na usimsikilize mtu kuhusu asili yake. Ni mwanamieleka. Nyuki walikuja baadaye.

Mjomba wako

Mwanangu, ni mama. Nyuma ya tangi la maji ameficha vifuniko bapa saba, kavifunika gunia. Kila asubuhi anatengeneza kimoja, anakikalia, anakitukana, anakificha. Nikimuuliza anasema ni mabati ya jirani. Usimbane juu ya kifuniko, mbane juu ya mbavu zilitoka wapi. Mimi nilikuwepo, ila hilo si langu kulisema.


Tarehe 17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kidole. Huku sote salama, mvua imepungua na nguo zinakauka siku moja.

Sanduku limefika salama, na nilipolishusha kwenye ngazi hata wauza matairi walinifuata juu kulitazama. Kila mtu alitaka kufunga na kufungua lile komeo. Bi Kwanini alipitisha kiganja chake kwenye kingo zote, kisha akasema, "Mtu huyu anajua bati." Nilijisikia kama nimesifiwa mimi.

Lakini tukaweka mto. Akakaa mhasibu wetu, mtu mnene mpole. Mto ukayumba kulia, ukayumba kushoto, mhasibu akashika meza. "Nikitaka kupanda farasi nitasema," akatuambia. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Basi nikafanya jambo ambalo naomba usinikasirikie. Nilimpa fundi mmoja wa huku anitengenezee kifuniko bapa, bati lilelile, kipimo kilekile. Mhasibu alipokaa, kikabonyea: bwap! Aliponyanyuka, kikarudi: bwap! Siku nzima watu walikuwa wanakwenda kukikalia kwa kusudi ili wasikie. Tukijaribu bati nene, sanduku linakuwa zito, mteja anayeishi chumba cha ghorofani hawezi kulipandisha ngazi peke yake. Kwa hiyo la mbavu halifai, na lisilo na mbavu halifai.

Bi Kwanini ameniuliza, "Hizo mbavu ziliwekwa kwa nini?" Nikamjibu ni urithi wa ukoo, zina miaka mia. Mjomba, nilisema mia. Nimekuwa kama wewe. Akavua miwani. "Kama ni urithi mtupu, tuuze sanduku la zamani kama lilivyo, au tuliache. Siwezi kugusa kitu ambacho sijui kinafanya kazi gani. Ukijua kiliwekwa kwa nini, utajua pia kama kinaweza kuhamishwa." Amenipa hadi tarehe ileile.

Nilikuandikia kwamba mengine ya kazini ni ya kawaida. Si ya kawaida. Niko kwenye majaribio ya miezi sita, na yanaisha hiyohiyo tarehe 30 Juni. Mwenzangu ameleta stuli ya plastiki, nzuri, haina shida yoyote. Wakichukua stuli, mimi narudi nyumbani, na karakana inabaki na lile sanduku moja kwa muhula; usiniulize nimejuaje.

Sikuombi ubadilishe kitu. Nakuomba uniambie ukweli wa zile mbavu.

Mpwa wako


Tarehe 25 Mei

Mpwa wangu,

Leo salamu ni fupi: tu wazima.

Mbavu zile ni zangu. Si za babu yako, si za mwanamieleka, si za nyuki. Na miaka mia uliyosema, toa sabini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Marehemu baba alikuwa amepata kazi ya masanduku arobaini ya shule moja ya bweni. Kazi yangu ilikuwa kukunja kingo za vifuniko. Unalaza bati juu ya kipande cha reli, unafuata mstari uliokwaruzwa kwa msumari, unagonga kwa nyundo ya mti. Kazi ya kawaida, hata usingizini ningeifanya. Siku ile akaja binti mmoja kuchukua sanduku la dada yake. Alikuwa na macho. Mimi nikaanza kumsimulia jinsi nilivyoshindana mbio na treni asubuhi ileile na kulishinda kwa urefu wa behewa moja. Mkono unagonga, mdomo unakwenda, macho yako kwake. Bati nimelilaza vibaya, nakunja umbali wa vidole vinne kutoka ukingoni mwa kifuniko, mahali pasipo mstari wowote. Kingekuwa kifuniko kimoja tungekitupa. Vilikuwa kumi na vinane, maana hadithi ilikuwa ndefu.

Bati likishakunjwa, mpwa, halisahau. Ukilinyoosha, mkunjo unabaki umeinuka kama kovu. Mabati mengine hatukuwa nayo, na masanduku yalikuwa yachukuliwe Ijumaa.

Baba akaingia. Akavitazama vifuniko vyote kumi na vinane, kimoja kimoja. Akanitazama mimi. Akamtazama yule binti. Nikajua leo nafukuzwa nyumbani mbele ya msichana. Akasema, "Mama, kaa tu, naona hadithi bado haijaisha." Kisha akachukua kifuniko kimoja, akapima vidole vinne upande wa pili, akapiga mkunjo mwingine unaofanana na ule wangu. Akakiinua, akakitazama kwenye mwanga. Akaniambia, "Vifanye vyote hivi. Na hivyo ishirini na viwili vilivyobaki, navyo vikosee hivihivi, vifanane."

Mwalimu mkuu alipokuja akapitisha mkono juu yake, akasema, "Fundi, safari hii umetutilia mapambo." Mwaka uliofuata akataka yaleyale. Wengine nao wakataka. Mzee hakuniumbua kwa mtu yeyote mpaka tunamzika. Mama yako alikuwa anapaka rangi palepale na hakusema. Na yule binti ndiye mkaza-mjomba wako, yeye mpaka leo anaamini habari ya treni. Mahali ambapo wao walinyamaza mimi nikajaza hadithi, nikajaza mpaka nikasahau chini yake kuna nini. Uliponiambia niziondoe, nilisikia kama mtu anataka kufunua.

Lakini niliondoa. Mama yako ameshakuambia, usimtetee, namjua. Vifuniko saba bapa nilivifanya, na vyote vimenipigia bwap kama hicho cha mhasibu wenu. Ndipo nikaelewa. Ule mkunjo ndio unaolishikilia bati. Kosa langu lilikuwa limebeba makalio ya watu miaka thelathini, na mimi nilidhani ni aibu tu.

Sasa sikia. Jumanne mama yako alikosa kigoda cha kukalia wakati wa kupaka. Akachukua kifuniko cha kawaida, akakigeuza chali juu ya sanduku, akakunja shuka juu yake, akakaa. Akapaka masanduku mawili, asubuhi hadi adhuhuri. Kifuniko hakikulia, hakikuyumba, shuka halikuteleza. "Kaka," akaniambia, "mbona hivi panakalika?" Nikatazama. Mbavu zilikuwa zimeangalia chini, na juu imebaki mifereji miwili, shuka limezama humo limetulia. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka niseme nililipanga mimi. Nikaufunga. Ni mama yako, mwandike yeye.

Kwa hiyo ndani ya mzigo huu kuna kifuniko kipya. Mbavu nimezipiga kutoka juu kwenda ndani. Juu ni sawa, pana mifereji tu. Nimekikalia mimi, akakikalia mama watoto, tukakikalia wote wawili pamoja na kuku. Kimya.

Mkuu wako mwambie ukweli. Sogeza, pindua, punguza, ruhusa unayo. Ila usizifute, maana bila zile mbavu bati halibebi mtu.

Mjomba wako


Tarehe 19 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo nyingi, wewe na mama na mkaza-mjomba. Mimi mzima kuliko siku zote.

Kifuniko kilifika Alhamisi. Nilikipachika, nikashona mikanda miwili chini ya mto, nikailaza ndani ya mifereji. Mto ukashika kana kwamba umeota pale. Mhasibu akakaa kwa uangalifu, akiwa ameshika meza mapema. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akaomba chai. Tulimwacha hapo mpaka saa ya chakula na hakutaka kunyanyuka.

Bi Kwanini akaniuliza swali lake, nikamweleza yote, treni na binti na vifuniko kumi na vinane. Nilidhani atakasirika kwa ile miaka mia. Akacheka hadi miwani ikaning'inia kwenye kamba. "Afadhali," akasema. "Urithi ningeuogopa. Kosa lililofanya kazi miaka thelathini, hilo naweza kufanya nalo kazi."

Tulibishana jambo moja tu. Mimi nilisema nje rangi moja sawa, lakini ndani maua ya mama yawemo. Yeye akasema nani atayaona. Mama alikuwa ameyapaka kwa siri ndani ya sanduku la mfano, nami nikaliacha limefunguka kwenye korido. Karani akapita, akasimama, akaita wenzake wawili. Bi Kwanini akatoka kuona kelele ni za nini, akawakuta watu wanne wameinamia sanduku tupu. Akarudi ofisini kwake. Jioni nikaona kwenye maelezo ya bidhaa ameandika kwa mkono wake: ndani, maua.

Mjomba, wamelichukua bila hata kungoja tarehe 30. Stuli itasubiri msimu ujao. Wanataka masanduku-kiti sitini kwa kuanzia, yote kutoka karakana yetu, yafike mwisho wa Agosti. Na mimi majaribio wameyamaliza mapema, nimepewa meza yangu mwenyewe, karibu na dirisha. Nilitaka nikupigie simu, halafu nikaona hili linastahili stempu.

La mbavu za nje usiache kulitengeneza. Bi Kwanini anasema yakikaa mawili pamoja, kila moja linaeleza lenzake. Ananiuliza pia kama unaruhusu kisa chenu cha kweli kichapwe kwenye kijitabu kitakachowekwa ndani ya kila sanduku. Sijamjibu. Hilo ni lako.

Mpwa wako


Tarehe 12 Julai

Mpwa wangu mwenye meza dirishani,

Huku ni heri tupu. Ukifika leo hutapata pa kukanyaga. Mabati yamejaa mpaka mlangoni, sanduku la ishirini na saba linakauka, na mama yako amechukua mafundi wawili wa rangi, wanawake wa mtaa wa pili, anawaamrisha kama jemadari. Maua yake ya ndani hayafanani, kila sanduku lake. Nilimwambia kampuni inataka yafanane. Akaniambia, "Kampuni ikae nje, ndani ni kwangu." Mama watoto ameacha kuimba kwa muda, anashona mikanda. Nilimwambia habari ya treni. Akasema alijua tangu siku ileile, maana siku ileile treni halikupita.

Sasa nikueleze la jana. Alikuja mama mmoja, mwalimu, anatafuta sanduku la binti yake anayekwenda bweni. Niliyaweka yote mawili mbele yake, la mbavu za nje na la mbavu za ndani. Akapapasa hili, akapapasa lile. Akaniuliza, "Fundi, haya mapambo yalianzaje?"

Mpwa, mkono niliusimamisha. Nyundo niliiweka chini. Nikamweleza kila kitu, bila chumvi hata punje: nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa najionyesha kwa msichana, niliharibu vifuniko kumi na vinane, na baba yangu akaharibu vingine ishirini na viwili kwa makusudi ili nisiaibike. Wanawake wa rangi waliacha kupaka.

Yule mwalimu akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Fundi, mimi nimefundisha watoto miaka ishirini. Uongo naujua. Hii ya baba kuharibu masanduku yake mwenyewe, hata mtoto wa chekechea hawezi kuileta kwangu." Akachukua la mbavu za nje, akamtwisha mbeba mizigo, akaondoka anatikisa kichwa. Mama yako alicheka mpaka akakaa kwenye rangi ya kijani.

Kwa hiyo ruhusa nimetoa, tena kwa mikono miwili. Mwambie Bi Kwanini kisa akichape, akichape upesi, asibadilishe kitu. Na nakala ya kwanza aipige muhuri wa kampuni, ule mkubwa wa duara, aweke na sahihi yake chini kwamba safari hii mjomba wako amesema kweli. Nitaitundika juu ya reli, mahali ambapo mteja anaiona kabla sijafungua mdomo.

Mjomba wako,
fundi wa masanduku